Ritifaa ya Ng'ambo

Mamdogo wangu alikuwa na studio ya picha Tunduma, mtaa wa nyuma ya foleni ya malori ya mpakani. Mwaka niliomaliza chuo nilikwenda kukaa naye nikisubiri ajira. Nasema nikisubiri ajira kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukisema wote. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimetuma barua za maombi, kisha nikaanza kuogopa kupigiwa simu. Namba ngeni ikiingia niliitazama ikiita mpaka ikakata, halafu nikakaa nusu siku nikijiuliza walikuwa akina nani na sasa wananionaje.

Shahada yangu ilikuwa ya kompyuta. Kwetu Igamba, kwenye kahawa, hiyo ilitosha kunifanya niitwe kila redio ilipokorofisha. Pale Tunduma jirani yetu wa fremu ya pili, mzee wa makamo aliyetoka Kondoa na kuuza vitenge, alinipa cheo siku ya kwanza tu.

"Injinia, shikamoo."

Nilibaki mdomo wazi. Mtu wa umri wa baba yangu ananiamkia mimi.

"Hata marahaba hakuna? Kweli elimu ni kitu kikubwa."

Mamdogo alicheka. Mimi nilikaa siku kadhaa nikitafakari kama nilitakiwa kumwamkia kwanza, na kama aliudhika.

Kazi ya studio ilikuwa picha za pasipoti, kuchapa na kutoa nakala, na zaidi ya yote video: harusi, sendofu, vipaimara, misiba. Yote yaliishia kwenye kompyuta moja iliyokaa mezani nyuma ya pazia la bluu la kupigia picha. Diski yake ilikuwa imegawanywa mara mbili, kama chumba kilichojengewa ukuta katikati. Upande mmoja kulikuwa na Windows na programu zake. Upande wa pili, patisheni ya pili kama tunavyoita sisi tuliosomea, zilikaa kazi za wateja. Mamdogo aliipa patisheni hiyo jina mwenyewe: NGAMBO. Wateja wake wa kwanza wa video walikuwa watu wa Nakonde, upande wa Zambia, na kazi zao alizitenga huko. Baadaye video zote zikahamia huko, za Wazambia na zetu, na jina likabaki.

Shida ya studio ile ilikuwa flashi za watu. Mawakala wa forodha, makondakta, wanakwaya, kila mtu alikuja na flashi iliyokwishapita kwenye kompyuta za mpaka mzima, na kila flashi ilikuja na virusi. Ukiichomeka, folda zako zinageuka vialama visivyofunguka. Hapo ndipo nilipoona nafasi ya kuonyesha kwamba nilisoma. Niliweka mfumo wa pili, Linux, pembeni ya Windows, kwa sababu virusi vile havikuweza kuishi humo. Kompyuta ikiwashwa inakuuliza unataka mfumo upi. Tukawekeana sheria: flashi ngeni inafunguliwa kwenye Linux, video zinahaririwa kwenye Windows.

Kwenye Windows patisheni ile ilikuwa na herufi yake, D, na jina lilikuwa pambo tu. Kwenye Linux hakuna D. Mimi niliamua kuiita kwa jina. Niliandika amri fupi inayojiendesha kila Linux inapowaka: tafuta patisheni inayoitwa NGAMBO, ilete ndani ya folda hii hapa. Folda nikaiweka katikati ya kioo ionekane. Ile orodha ya pembeni inayoonyesha sehemu zote za diski nikaificha, ili mamdogo asichanganyikiwe. Ilifanya kazi miezi mingi bila kusumbua. Mamdogo aliwaambia wateja kwamba mwanawe ametengeneza kompyuta isiyougua, na mimi niliinamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa, huku nikisikiliza kila neno.

Halafu nikaliona lile jina.

Nilikuwa nimeliona siku zote, lakini katikati ya mwaka uliofuata niligundua kwamba barua yangu moja ya maombi, iliyokwishafika Dar es Salaam, ilikuwa na kosa la tahajia kwenye kichwa cha habari. Kuanzia hapo makosa ya maandishi yalinikaa kama mchanga kwenye kiatu. Kibao cha kinyozi kilinisumbua. Tangazo la mkutano wa mtaa lilinisumbua. Na kila asubuhi nilipowasha kompyuta, NGAMBO ilikuwa inaning'ang'ania macho.

"Mamdogo, hii ngambo yako ina kosa."

"Imekufa?" Alikuwa anakata picha za pasipoti kwa mkasi, hakuinua uso.

"Haijafa. Imekosewa kuandikwa. Ni ng'ambo, yenye ritifaa, ile alama ya juu baada ya g. Ngambo siyo neno."

"Kwani mimi huwa natamkaje?"

"Unatamka sawa. Umeandika vibaya."

"Kuna mteja amekuja hapa akashindwa kuelewa?"

Jirani alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa. "Mwache afanye kazi yake. Akae chuo miaka yote ile aje ashindwe na mkato?"

"Siyo mkato," nikasema. "Ni ritifaa."

"Haya. Litifaa." Alitamka hivyo makusudi, akanywa kahawa yake akinitazama.

Siku hiyohiyo, nikiwa kwenye Windows, nikabadilisha jina. NG'AMBO. Nikaingia Linux nikabadilisha na kwenye ile amri, herufi kwa herufi, na ritifaa yake. Nilijisikia kama mtu aliyefunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi mbele za watu. Kisha nikazima. Sikuwasha Linux tena kuona kama kila kitu kiko sawa. Mimi ninayerudi mlangoni kuhakikisha nimefunga, kisha narudi tena, siku hiyo sikuhakikisha. Wiki iliyofuata ilikuwa ya harusi tupu na tulikaa Windows muda wote.

Yule baba alifika mchana mmoja, mamdogo akiwa amekwenda Vwawa kupiga video ya kipaimara. Alikuwa amevaa koti zito la mvua ingawa jua lilikuwa kali, kwa hiyo nilijua katoka kwenye baridi kabla hajasema katokea Isongole. Nilimwamkia, akakaa kwenye benchi la wateja, akatoa flashi mfukoni ikiwa imefungwa ndani ya leso.

Alieleza polepole. Mama yake amefariki. Kesho ndiyo wanahitimisha msiba, na ndugu wanatoka hadi upande wa Malawi. Mama hakuwa mtu wa kupigwa picha, alikuwa akigeuza uso. Mahali pekee alipoonekana akitembea na kusema ni kwenye sendofu ya mjukuu wake, ambayo mamdogo aliipiga video mwaka juzi. CD waliyopewa imekwaruzika haisomi. Amekodi jenereta na televisheni kwa ajili ya kesho.

"Kuna wajukuu hawajawahi kumwona," alisema. "Nataka wamwone. Na mimi nataka nimsikie."

Akasema gari lililomleta linamsubiri sheli na dereva kampa muda mfupi tu.

Nilimwambia asijali. Nayakumbuka maneno hayo kuliko yote niliyosema mwaka ule. Nikawasha kompyuta, na kwa sababu flashi ilikuwa ngeni nikachagua Linux, kama sheria yetu ilivyosema. Nikafungua folda.

Ilikuwa tupu.

Nikaifunga nikaifungua. Tupu. Miaka yote ya harusi na misiba ya watu wa Tunduma, Mbozi, Ileje na Nakonde, na pale palikuwa na kioo cheupe na maandishi madogo chini yakisema hakuna kitu.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba nilipobadilisha jina nilivuruga mpangilio wa diski. Wazo la pili lilitoka darasani: data ikipotea, usiguse diski. Usiwashe, usifungue chochote, kwa sababu kila unachofanya kinaweza kuandikwa juu ya kilichopotea na kukifuta moja kwa moja. Mwalimu alilisema hilo kwa ukali na mimi nililiandika kwa ukali. Nikachomoa waya ukutani. Kompyuta ikazimika kwa mlio mfupi.

"Umeme?" aliuliza yule baba.

"Hapana, baba. Video haionekani."

"Haionekani vipi?"

"Hakuna hata moja inayoonekana."

"Simu yangu ikigoma huwa naizima, nikiiwasha inakubali. Tuwashe tena tuone?"

"Tusiguse, baba. Tukigusa tunaweza kuzipoteza kabisa."

Nililisema hilo kwa sauti ya mtaalamu. Ninayo sauti hiyo, hunijia hasa ninapoogopa. Naye aliiamini. Alinitazama mimi, akaitazama kompyuta kama mtu anayetazama mgonjwa asiyetakiwa kuamshwa, akaikunja leso yake na flashi ndani.

"Basi pole, binti," akasema. "Maana naona na wewe umeumia."

Akaacha namba yake ya simu, akaondoka kuwahi gari. Nilimwona akipita katikati ya malori na koti lake. Laiti angenifokea, ningepata pa kujishikiza.

Mamdogo alirudi jioni, umeme wa mtaa mzima ukiwa umekatika kweli safari hii. Nilimweleza kila kitu gizani, pamoja na yale ya darasani, na nadhani nilieleza kwa urefu sana. Alisikiliza hadi mwisho, akavua viatu.

"Umejaribu kwenye Windows?"

"Mamdogo, nimekwambia, ukiwasha diski ambayo..."

"Nimeuliza umejaribu au hujajaribu."

"Sijajaribu."

Asubuhi umeme uliporudi alisimama nyuma ya kiti changu na kanga yake kiunoni. "Washa."

Nikawasha. Nikachagua Windows. Nikafungua D, na zote zilikuwa humo. Harusi zote, misiba yote, kwa majina na miaka, juu yake limeandikwa jina NG'AMBO kwa tahajia safi kabisa. Sendofu ya Isongole ilikuwa mstari wa katikati. Hakuna kilichokuwa kimeguswa.

Sababu niliielewa hapohapo, na ndiyo iliyonifanya nitamani sakafu ipasuke. Kwetu sisi ile alama inaonyesha tu namna ya kutamka. Kwa mashine, ndani ya amri kama ile niliyoandika, alama hiyohiyo ni kufungua nukuu. Ikikutana nayo inaamini maneno ya mtu yameanza, inayasoma yote yanayofuata ikisubiri alama ya pili ya kufunga. Sikuwa nimeweka ya pili, kwa sababu neno ng'ambo lina moja. Kwa hiyo amri yangu haikutafuta patisheni yoyote. Ilikwama hapo, na folda ikabaki tupu kama mlango usiofika kwenye chumba chake. Kilichopotea ni njia ya kukifikia tu, tena njia moja kati ya mbili. Yule baba angeniambia niwashe tena mara moja zaidi, na mimi ningeacha kujifanya daktari nikachagua Windows, angeondoka na mama yake mfukoni.

Tulimpigia. Hakupatikana. Tukapiga tena, hakupatikana.

"Toa nakala kwenye CD, panda gari, nenda," mamdogo alisema. "Magari ya asubuhi yanatoka njia panda ya Mpemba mapema. Ukiwahi utawakuta."

Hapa ndipo ninapoona haya mara ya pili, tena zaidi. Nilitoa CD. Kisha nikafikiri: je, ikifika kule ikagoma? Nikatoa ya pili. Kisha nikafikiri: je, zote mbili zikiwa na kasoro katikati? Nikakaa nikaitazama sendofu yote tangu mwanzo, bila kuruka, kuhakikisha. Mamdogo alikuwa ametoka kupeleka picha kwa mteja, hakuwepo kunikatiza.

Ndivyo nilivyomwona yule bibi. Alikuwa mfupi, amefunga kitambaa cheupe kichwani, na mwanzoni alikuwa kweli akigeuza uso kila kamera ilipopita. Lakini baada ya zawadi, MC akiwa katikati ya maneno yake marefu, bibi aliinuka, akamfuata, akamnyang'anya kipaza sauti. Alisema maneno machache kwa Kindali, ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko, akakirudisha kipaza sauti na kwenda kukaa. Mimi ni Mnyiha, Kindali sikijui. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Nikarudisha tena, nikaanza kuyafuatisha kwa mdomo, bila sababu. Nilipofika Mpemba magari ya asubuhi yalikuwa yamekwishaondoka, na nilikaa hapo nikiwa na CD mbili nzima kabisa kwenye begi mpaka jua lilipokaa utosini.

Isongole nilielekezwa nyumba. Nilijua nimechelewa kabla ya kufika, kwa sababu nilikuwa nikipishana na watu wenye nguo za kanisani wakirudi. Uwanjani turubai lilikuwa linakunjwa. Nilitafuta jenereta kwa macho, sikuliona, nikaona tu alama ya mafuta kwenye majani mahali lilipokuwa.

Yule baba alinijua mara moja. Nilimpa CD zote mbili kwa mikono miwili.

"Imeonekana?"

"Imeonekana, baba."

"Ilikuwa wapi?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga jibu. Lilikuwa na mifumo miwili, amri na ritifaa, na nilitegemea kwamba likiwa refu vya kutosha lingenifunika. Niliposimama mbele yake likanikauka.

"Ilikuwa palepale. Niliandika jina vibaya, nikadhani imefutika."

"Kwa hiyo jana ilikuwemo."

"Ilikuwemo."

"Mimi nimekaa kwenye benchi, ilikuwemo."

"Ndiyo, baba."

Akatikisa kichwa taratibu, si kwa hasira, kama mtu anayekubali bei. Akaniambia jenereta na televisheni vimeondoka na mwenyewe, ana shughuli nyingine. Kwa kuwa vilikuwa vimekodiwa na watoto walikuwa wamekaa mbele wakisubiri, waliwawekea video za kwaya. Ndugu wa Malawi wameondoka na gari la kwanza. Kisha akaniambia niingie nikale, mgeni hasimami uwanjani.

Hakuna nililotamani kama kugeuka nirudi barabarani. Lakini kukataa chakula cha msibani ni kuongeza kosa juu ya kosa, kwa hiyo nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye jiko la nje, ambako wanawake walikuwa wakisugua masufuria kwa majivu. Walinipa kigoda. Walinipa wali na nyama iliyobakizwa pembeni kwa ajili ya mtu muhimu. Mmoja akawaambia wenzake, kwa fahari, kwamba huyu ni binti wa Tunduma aliyemtafuta mama kwenye kompyuta mpaka akampata, na ametoka huko mwenyewe kumleta. Wakanipongeza. Wakanipa pole ya safari. Nikairudisha nyama kwenye sahani.

"Si hivyo," nikasema. "Mimi ndiye niliyempoteza."

"Lakini si umemleta?"

"Nimemleta hamna pa kumwangalia."

Mwanamke mmoja mnene, aliyesema ni mkamwana wa marehemu, aliweka chini sufuria.

"Wewe umemwona humo?"

"Nimemwona."

"Amevaa nini?"

Nikasema kitambaa cheupe. Wakaguna kwa pamoja, wanakijua. Wakauliza alikaa wapi, na nani, alikula, alicheza. Nikajibu kila kitu nilichokiona, na niliona kwamba nilikuwa nimekiona vizuri, kwa sababu nilikuwa nikitafuta kasoro. Nikafika kwa MC. Nikasimama nikaonyesha bibi alivyoinuka, alivyoshika kipaza sauti, na MC alivyobaki ameshika hewa. Walianza kucheka kabla sijamaliza.

"Alisema nini?"

"Sijui Kindali, mama."

"Tamka tu, sisi tutajua."

Nikatamka. Yalitoka yamepinda, ya Kinyiha nusu, na wakaanguka kwa kicheko, mmoja akajipiga mapaja kwa mikono yenye majivu. Mkamwana alifuta macho, akanitafsiria: aliwaambia wakwe wafupishe hotuba walete chakula, wazee wanalala mapema. "Hata kwangu alisema hivyohivyo, siku ya kwanza nilipoolewa," akasema, na hapo kicheko kikamgeuka, akajifunika uso kwa kanga.

Nilipogeuka yule baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma. Sijui alikuwa amefika saa ngapi. CD zangu zilikuwa bado mkononi mwake.

"Rudia," akasema.

"Nayakosea, baba."

"Rudia hivyohivyo."

Nikarudia, nikitazama majivu chini, kwa sauti ndogo. Safari hii hakuna aliyecheka. Nilikosea zaidi ya mwanzo, na yeye akayasema maneno yale taratibu, kwa matamshi yake, akinisahihisha kama mtoto, kisha akangoja niyaseme tena.